Mizani ya Kupambanua Vitu Vinavyofanana

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni juu ya mizani.

Mtu akienda sokoni Darajani kununua samaki, mizani ya muuzaji yamtosha. Lakini iwekeeni pete mbili za dhahabu zinazopishana uzito kidogo tu, nayo itasema zi sawa. Je, imesema uwongo? La, imefika mwisho wa uwezo wake. Zipelekeni kwa sonara, naye atawaonyesha ipi nzito. Uwezo huo wa kutenga vitu viwili vilivyokaribiana huitwa uwezo wa kupambanua.

Wataalamu wana chombo cha kupimia molekuli, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kitu hufanywa kwanza kuwa mvuke. Kisha molekuli zake hutiwa umeme, na katika baadhi ya vyombo hivyo hurushwa zipite penye nguvu za sumaku. Fikirini kona za vichochoro vya Mji Mkongwe. Baiskeli hukata kona kwa wepesi, bali gari la hamali lililojaa magunia hupinda kwa shida. Molekuli nazo ni hivyo hivyo: nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo. Mahali zinapoangukia ndipo panapotujulisha uzito wake.

Sasa sikilizeni kwa makini. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, 78 hivi ni naitrojini, nayo haitudhuru. Lakini mkaa ukiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, nayo huua.

Tukihesabu atomu moja ya haidrojini kuwa na uzito wa karibu 1, chombo chenye uwezo mdogo kitasema hewa hizo mbili zote ni 28. Chombo bora kitasema naitrojini ni 28.006, na kaboni monoksaidi ni 27.995. Tofauti ni 0.011 tu. Gawanyeni 28 kwa 0.011, mtapata 2,500 na kidogo. Huo ndio uwezo wa kupambanua unaohitajika kuzitenga. Pua zetu hazina uwezo huo; basi msilale na seredani ya mkaa katika chumba kilichofungwa.

Upimaji wa molekuli umetufaa hata hapa kwetu. Unguja Ukuu, kusini ya kisiwa, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata utomvu uliofukizwa katika karne ya 7 au ya 8. Ulikuwa ubani wa Uarabuni, au utomvu mwingine? Jicho halikuweza kujibu. Ulipopimwa, matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2015 yalionyesha kuwa ni sandarusi. Msandarusi huota pwani yetu, na Madagaska pia. Kwa hiyo kipimo kilitaja mti. Hakikutaja nchi ulikoota.

Basi mtu akikwambia kuwa vitu viwili ni sawasawa, muulize: kwa mizani gani?

Maswali ya darasani

1. Kwa nini mizani ya samaki haifai kupimia pete?
2. Molekuli ipi hupinda zaidi, nyepesi au nzito?
3. Kwa nini ni hatari kulala na seredani ya mkaa chumbani?