Homa imeshuka, lakini dozi haijaisha



Mtoto amepimwa zahanati, amekutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto, yaani ALu. Siku ya pili homa imeshuka na anacheza na wenzake. Mzazi anaficha vidonge vilivyobaki ili vimfae mdogo wake akiugua. Wengine huviuza wapate hela ya sabuni. Shida ya fedha kambini tunaijua, lakini vidonge hivyo bado ni vya mgonjwa wako.

Kwa nini nimalize dawa wakati mtoto ana nafuu?

Mseto ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Ya kwanza huua vimelea vingi upesi, ndiyo maana homa hushuka mapema, ila haikai sana mwilini. Ya pili hufanya kazi polepole na kumaliza vilivyobaki. Ukikatiza dozi, vilivyobaki huzaliana na malaria hurudi. Kwa mtoto mdogo inaweza kuleta upungufu wa damu, degedege, hata kifo.

Tena vimelea huzoea dawa. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 na SP mwaka 2006 kama dawa za kwanza za kutibu malaria, kwa sababu zilikuwa hazitibu vizuri tena. Sasa dalili za vimelea kuanza kuizoea dawa ya kwanza kati ya hizo mbili zimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania.

Dawa itumiwe vipi?

- Dozi ni mara 6 kwa siku 3. Ukianza saa 2 asubuhi, rudia baada ya saa 8, yaani saa 10 jioni. Siku ya 2 na ya 3 ni asubuhi na jioni.
- Idadi ya vidonge hufuata uzito. Mtoto wa kilo 10 humeza 1 kila mara, jumla 6. Mtu mzima humeza 4, jumla 24.
- Meza pamoja na chakula, uji wa karanga au maziwa. Anayenyonya anyonyeshwe.
- Akitapika ndani ya saa moja, rudi zahanati upewe dozi nyingine.
- Mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa.

Je, mabaki hayawezi kumsaidia mtoto mwingine?

Hapana. Hayatoshi dozi, na homa yake huenda ni nimonia. Apelekwe kupimwa.

Usingoje asubuhi

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida, mpeleke mara moja, hata usiku.

Baba na mama, kubalianeni nani atampa dawa ya jioni. Mama akiwa ameenda kuni, baba ampe. Kazi hii isiachiwe mtoto.

Dozi nzima ndiyo dawa. Nusu dozi ni kumfuga mdudu.