Herufi Nzito za Mlazo na Jicho la Msomaji

Abiria asimamaye kituoni Kipawa, kando ya Barabara ya Nyerere, ana sekunde chache tu za kutambua daladala inayokuja inakwenda wapi. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Jina la safari lisiposomeka mapema, abiria husimamisha gari lisilo lake, au huliacha lake likapita. Mchoraji wa maandishi hayo, basi, hufanya kazi ya fizikia na hisabati, hata kama haitaji kwa jina hilo.

Herufi mojawapo ifaayo kwa mabango na magari ni ile iliyo nene, iliyoinama kulia, na isiyo na vijikia kwenye ncha za mistari yake. Sifa hizo tatu hazikuzaliwa pamoja. Herufi za mlazo zilitumika kuchapa vitabu vizima mjini Venice, katika karakana ya Aldus Manutius, mwaka 1501, zikiiga mwandiko wa mkono. Herufi za chapa za Kilatini zisizo na vijikia zilitolewa London na William Caslon wa Nne mwaka 1816. Unene nao ulikuzwa na matangazo ya biashara ya karne ya 19.

Unene una faida, na una mpaka. Mwaka 1862 Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, alitoa chati ya kupimia uwezo wa kuona. Kwa kipimo chake, jicho zima hutambua herufi ambayo kimo chake hufanya pembe ya dakika 5, yaani sehemu 5 kati ya 60 za nyuzi moja, na ambayo unene wa mstari wake ni moja ya tano ya kimo. Kwa umbali wa mita 60, kimo hicho ni milimita 87. Kwa mzee, au wakati wa magharibi, hapana budi kiongezwe. Lakini mstari ukinenepa kupita kiasi, uwazi ulio ndani ya a na e huzibika, na herufi hugeuka doa.

Mlazo huashiria mwendo. Herufi ya milimita 100 ikilazwa kwa nyuzi 12, kilele chake husogea kulia milimita 21, kwa kuwa tanjenti ya nyuzi 12 ni 0.21. Kimo na eneo havibadiliki, ila duara la O huvutwa kuelekea pembe ya juu kulia. Ndiyo maana msanifu makini huichora upya mikunjo hiyo. Mlazo mzito ukijaza ukurasa mzima huchosha macho. Mahali pake ni maneno machache.

Ipo hatari nyingine. Vijikia vikiondolewa, I kubwa na l ndogo hufanana. Jina Ilala, wilaya iliyomo Kipawa yenyewe, huanza kwa vijiti viwili visivyotofautika. Mchoraji mwenye busara huandika ILALA, au huikunja l kwenye ncha ya chini.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani. Wanafunzi waandike jina moja kwa kimo kile kile, mara kwa mistari myembamba, mara minene, mara ya mlazo. Kisha warudi nyuma hatua kwa hatua na kupima umbali ambapo kila andiko linakoma kusomeka. Umbali huo ndio utakaoamua andiko lipi linamfaa abiria aliyeko kituoni.