Uradi wa Watibeti na mapigo ya moyo

Msomaji mmoja ameniuliza: mtu asiye Mbudha, tena asiye na nafasi ya kukaa kimya saa nzima, ana la kufaidi katika mazoezi ya Wabudha? Analo. Historia ya dini naiacha, niende moja kwa moja kwenye damu.

Watibeti wana maneno wanayoyarudia wakitembea, wakichunga, wakipika, huku vidole vikisogeza tasbihi ya punje 108: Om mani padme hum. Wengi huandika mantra. Mimi nasema uradi, maana neno tunalo. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika British Medical Journal vipimo vya watu wazima 23 wenye afya, waliotamka uradi huo na pia Salamu Maria ya Rozari kwa Kilatini. Mara zote mbili pumzi zilishuka hadi sita hivi kwa dakika.

Sita! Hapo ndipo penye utamu. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, na kwenye aota itokayo moyoni, kuna neva zinazohisi ukuta wa mshipa ukitanuka. Presha ikipanda, zinapeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo linaamuru moyo kupitia neva ya vagasi upunguze kasi, na moyo unatii karibu papo hapo. Mishipa midogo nayo huamriwa ilegee, ila yenyewe huchelewa sekunde kadhaa. Kwa kuchelewa huko presha hupanda na kushuka kama mawimbi, kila wimbi sekunde kumi hivi. Na sekunde kumi ndiyo pumzi moja ya uradi.

Mtazame mtoto kwenye bembea. Ukisukuma ovyo, unaikatiza njiani. Ukingoja ifike mwisho, ianze kurudi, basi kidole kimoja kinatosha, na kila mguso unaipandisha zaidi. Presha ndiyo bembea, pumzi ndiyo mkono: ukivuta hewa moyo unakwenda mbio kidogo, ukiitoa unatulia. Mkono ukiafikiana na bembea, mawimbi yanakua, na zile neva zinakuwa hodari zaidi wa kurekebisha presha. Bernardi aliyapima hayo.

Mwenye dawa za presha aendelee nazo. Ukiwa kwenye foleni, au kabla hujajibu neno la hasira, vuta pumzi sekunde tano, itoe sekunde tano, kwa uradi wa imani yako mwenyewe. Anza leo.