Cheti Kizuri Ukutani

Binti yangu alisomea ushauri nasaha miaka 2, akapata cheti, tukakitundika ukutani. Alipotaka kusajiliwa na BACP, chama cha washauri kilichoanza 1977, akaambiwa afanye mtihani kwanza, maana kozi yake haikuthibitishwa na chama. Waliosoma kozi zilizothibitishwa hawadaiwi mtihani huo. Nami nilidhani serikali hukagua kila kitu! Kumbe hapa Uingereza sheria haimzuii yeyote kujiita mshauri nasaha. Kenya walitunga sheria yao 2014. Basi wapwa zangu, kabla ya kulipa ada ulizeni: kozi imethibitishwa na nani? Saa 100 za kuhudumia watu chini ya msimamizi zimo? Binti yangu anajisomea usiku, akitoka zamu.