Makaa ya Iloilo

Wapo wadhanio kwamba biashara kubwa haina budi kuzaliwa katika mji mkuu. Yaliyotokea Ufilipino yanawakanusha.

Katika visiwa vya Panay na Negros, wenyeji tangu zamani humroweka kuku kwa siki, ndimu, thomu na mchaichai, wakampaka mafuta yenye rangi ya mzingefuri, kisha wakamchoma kwa makaa. Chakula hicho huitwa inasal. Mwaka 2003, kijana aitwaye Edgar Sia alifungua mkahawa wa kuku huyo mjini Iloilo, kisiwani Panay, akauita Mang Inasal. "Mang" ni neno la heshima aitiwalo mwanamume mtu mzima. Hakuiga mapishi ya kigeni. Aliuza chakula cha kwao, na mlaji akaruhusiwa kuongezewa wali mpaka ashibe, kwa bei ile ile.

Kufikia mwaka 2010 matawi yalizidi 300. Mwaka huo huo kampuni kubwa ya Jollibee ilinunua asilimia 70 kwa peso bilioni 3, na mwaka 2016 ikatwaa asilimia 30 iliyosalia kwa peso bilioni 2.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, jiko la kisiwani laweza kulisha taifa zima. Pili, kukua kwa jina si kudumu kwa umiliki: makaa yangali yakiwaka Iloilo, lakini uamuzi hutoka Manila. Viongozi wanaohimiza biashara za visiwani na wayapime yote mawili.