Bei ya Swala haikushuka

Wanaouliza kama wanunue hisa za kampuni inayoyumba karibu wote huanza na bei. Hisa ya Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, ilipita dola 60 mwaka 2021, na Agosti 2024 ilikuwa dola 20 na ushee. Basi, wanasema, sasa imekuwa rahisi, na kitu cha thamani kikipatikana kwa bei rahisi hununuliwa kabla wengine hawajashtuka. Hoja hiyo inasikika hata Ifakara, kwa kuwa siku hizi simu humfikisha sokoni mtu ambaye zamani angelazimika kwenda Dar es Salaam kumwona dalali wa hisa. Naiona hoja hiyo ina kasoro tangu kwenye mzizi wake, na mfano wa kuionyesha hatuhitaji kuufuata California. Upo hapahapa bondeni Kilombero, na jina lake ni Swala.

Februari 2012 kampuni ya Swala Oil and Gas (Tanzania), ikiwa na mbia wake kutoka Australia, Otto Energy, ilipata haki ya kutafuta mafuta na gesi katika vitalu viwili, Pangani na Kilosa-Kilombero. Matumaini yake hayakuwa ya kubuni. Bonde la Kilombero ni tawi la bonde la ufa: ardhi ilididimia chini ya milima ya Udzungwa, na kwa muda mrefu sana mito ikashusha humo mchanga na tope, tabaka juu ya tabaka. Katika mabonde ya jinsi hiyo mafuta yalikuwa yameanza kugunduliwa kwa majirani zetu, Uganda kwenye Ziwa Albert tangu mwaka 2006, na Kenya huko Turkana mwaka huohuo wa 2012. Swala ikapima miamba ya bonde kwa mitetemo, ikapata mahali palipoonekana panaweza kuwa na mtego wa mafuta, ikapaita Kito. Katikati ya mwaka 2014 ikawaomba Watanzania fedha: hisa moja shilingi 500. Ilikusanya shilingi bilioni 6.65, na Agosti mwaka huo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye dirisha la kukuza ujasiriamali lililofunguliwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya kampuni changa zisizo na historia ya faida.

Tuangalie alichonunua mtu aliyetoa shilingi 500. Kampuni haikuwa na kiwanda wala bidhaa, na hakuna mteja aliyekuwa akiilipa. Ilikuwa na leseni yenye muda maalumu, data za miamba, na nia ya kuchimba kisima. Kisima chenyewe kilikusudiwa kuchimbwa kwenye bonde ambalo tangu mwaka 2002, hekta 796,735 zake zimeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, jambo linalofanya kila kibali cha mazingira kiwe kizito, na kwa haki kabisa, maana maji ya ardhioevu hiyo yanalisha mto Rufiji. Katikati ya mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ilikuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa. Mwanzoni mwa 2016 ilikuwa chini ya dola 30, na waliokuwa na fedha za kuchimba visima vya kubahatisha wakafunga mikoba. Kisima cha Kito hakikuchimbwa. Sisemi kwamba kuna aliyedanganywa, kwa sababu hatari hizo huandikwa katika waraka wa matarajio wa kampuni yoyote ya utafutaji mafuta. Nasema kwamba mnunuzi alinunua uwezekano, na uwezekano una tarehe ya mwisho.

Swala haikukaa kungoja. Mwanzoni mwa 2018 ilinunua takriban asilimia 8 ya kampuni mama ya PanAfrican Energy, inayozalisha gesi ya Songo Songo wilayani Kilwa. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na kitu kinachoingiza fedha, na wengi wakaona ni hatua ya busara. Lakini sehemu kubwa ya ununuzi huo ilitokana na mkopo, na mkopo ukabadilisha hali ya mwanahisa kabisa. Kabla ya hapo hasara yake ilitegemea kisima. Baada ya hapo ilitegemea pia kama gawio la kutoka Songo Songo litatosha kulipa riba. Halikutosha. Kampuni ilizidiwa na madeni, na biashara ya hisa zake sokoni ikasimamishwa.

Sasa turudi kwenye bei. Katika miaka hiyo ya mwisho, kisima kikiwa hakijachimbwa na deni likiwa limeingia, ungefungua taarifa ya soko ya siku ungekuta mstari wa Swala umetulia: bei ya kufungulia shilingi 490, bei ya kufungia shilingi 490, mabadiliko sifuri. Aliyeishia hapo alihesabu hisa zake elfu moja, akapata shilingi 490,000, akaridhika kwamba amepoteza elfu kumi tu. Safu iliyokuwa na habari yenyewe ilikuwa ile ya idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo, ambayo siku nyingi ilisoma sifuri nayo. Bei ya ubaoni ni ya mauzo ya mwisho. Wasipopatikana mnunuzi na muuzaji wakakubaliana, bei ya zamani hubaki palepale hata kampuni ikiwa inaoza ndani. Katika soko lenye wanunuzi wachache kama letu, dalili ya kwanza ya kampuni kuumwa mara nyingi ni ukimya, na bei huja kusema kweli wakati mlango umeshafungwa. Kwa hiyo anayesubiri hisa ishuke ndipo ajue kampuni inayumba, na anayeona haijashuka akadhani iko salama, wote wawili wanasoma safu isiyo na jibu.

Safu yenye jibu iko kwenye mizania. Kampuni ikifilisika, mali yake huuzwa na fedha hugawanywa kwa foleni: gharama za ufilisi, benki iliyoshika dhamana, mishahara na kodi, kisha wadai wengine. Mwenye hisa za kawaida husimama mwisho kabisa, na mara nyingi sufuria humfikia ikiwa tupu. Wakulima wa miwa wa Msolwa na Ruhembe wanapaswa kuijua habari ya wenzao wa magharibi mwa Kenya. Mumias Sugar iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001 ikiwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya sukari nchini humo. Ilipoanza kuzama, hisa ilishuka hadi shilingi mbili za Kenya, kisha moja, na kila hatua ilionekana rahisi kuliko iliyopita. Serikali, yenyewe mbia kwa asilimia 20, ikatoa shilingi bilioni moja za Kenya mwaka 2015 kuinusuru. Septemba 2019 benki ya KCB iliweka msimamizi wa mali ili irejeshewe mkopo wake, na hisa ikasimamishwa sokoni ikiwa haifiki hata senti 30. Mkulima aliyekuwa akiidai Mumias malipo ya miwa na wakati huohuo ana hisa zake aliumia mara mbili. Kampuni ya Sukari Kilombero haijaorodheshwa sokoni, lakini siku ikiorodheshwa, mkulima anayeiuzia miwa ajue kwamba mapato yake yote ya mwaka tayari yamo humo kabla hajanunua hisa hata moja.

Hapo mtu atanijibu kwa mfano mmoja wenye nguvu, nao ni wa hapa nyumbani. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2015 zilipita 400. Kisha mikopo mibaya ikaongezeka, faida ya mwaka 2017 ikashuka hadi takriban shilingi bilioni 36, nusu ya ile ya mwaka uliotangulia, na kufikia 2019 hisa ilikuwa karibu na shilingi 100, chini ya bei ya miaka kumi nyuma. Walionunua wakati huo wamevuna: gawio la mwaka 2024 peke yake lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Je, hawa hawakununua hisa za kampuni inayoyumba? Walinunua hisa za kampuni ambayo faida yake ilikuwa imepungua, na hiyo ni hali nyingine kabisa. Katika mwaka wake mbaya CRDB bado ilipata faida, bado ililipa gawio, ingawa dogo, na amana za wateja zilibaki. Haikuhitaji fedha za mnunuzi mpya wa hisa ili ifike mwakani. Swala ilihitaji kisima, Mumias ilihitaji Serikali, lakini CRDB ilihitaji muda tu. Mtu aliyesoma taarifa zake za fedha za 2017 na 2018 angeweza kuona tofauti hiyo bila utaalamu mkubwa, kwa kuuliza swali moja: fedha inayoingia inatosha kulipa wanaodai mwaka huu?

Intel imekaa katikati, na ndiyo maana inawatatiza watu. Mwaka 2024 ilipata hasara ya dola bilioni 18.8, ikasimamisha gawio, ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000, na tarehe 2 Agosti hisa yake ikaanguka kwa asilimia 26 ndani ya siku moja. Ilikuwa imechelewa kwenye teknolojia ya kutengeneza chipu ndogo zaidi, ambako TSMC ya Taiwan imetangulia, na imechelewa pia kwenye chipu za akili bandia, ambako Nvidia inatawala. Hata hivyo ilikuwa bado na mauzo ya zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka na viwanda ambavyo Marekani haitaki kuona vikifungwa. Agosti 2025 Serikali ya Marekani ikachukua takriban asilimia 10 ya kampuni kwa dola 20.47 kila hisa. Mwezi uliofuata Nvidia, mshindani wake, ikatangaza kuweka dola bilioni 5. Hadi Oktoba hisa ilikuwa imekaribia dola 40. Aliyenunua kwa 20 alipata maradufu, na sina sababu ya kumnyima haki yake.

Ila tupime alishinda kwa lipi. Kilichoinua bei upesi vile kilikuwa uamuzi wa kisiasa wa Washington na mkataba wa kampuni mbili, mambo ambayo mtu wa Kibaoni au Mang'ula hawezi kuyajua kabla ya soko la New York kuyajua. Kuna pia suala la sarafu. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700, na kabla mwaka haujaisha ilirudi karibu 2,400. Aliyebadilisha shilingi zake kwa bei ya juu kununua hisa Marekani, kisha akalazimika kuzirudisha Desemba, alipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi hata kama hisa ingebaki palepale.

Na neno hilo, kulazimika, ndilo lenye uzito kwa bonde hili. Fedha ya Ifakara ina majira. Mpunga huvunwa kuanzia Mei, bei ikiwa chini; mwenye uwezo huweka magunia stoo na kuuza kati ya Desemba na Machi bei inapopanda. Biashara hiyo ina hatari zake, kwani Serikali ikiruhusu mchele wa nje bei huanguka, lakini muda wake unajulikana na mnunuzi hakosekani mashineni. Kampuni inayojaribu kuinuka haifuati majira ya mtu yeyote. CRDB ilichukua miaka kurudi pale ilipokuwa, na katikati ya miaka hiyo ilikuwepo misimu ya kulima, ada za Januari, na mvua zilizofanya mto uvuke kingo zake. Aliyeweka fedha ya kukodi trekta katika hisa hizo mwaka 2016 angelazimika kuuza palepale chini, akiwa amechagua kampuni sahihi kabisa. Ndiyo maana kwa fedha ya msimu jibu langu ni hapana, iwe Intel, iwe kampuni ya Dar es Salaam. Fedha isiyohitajika kwa miaka mitano ni habari nyingine, na hata hiyo ina mshindani: hatifungani za Serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kiasi cha chini cha kuanzia ni shilingi milioni moja. Hisa ya kampuni inayoumwa inapaswa kuahidi zaidi ya hapo, kwa sababu inaweza pia kufika sifuri.

Wapo watakaosema kwamba kiasi chao ni kidogo, shilingi elfu hamsini tu, hata zikipotea hawatalala njaa. Nawaelewa, na kujifunza kwa fedha ndogo ni bora kuliko kujifunza kwa fedha ya shamba. Lakini hata kwa elfu hamsini, mpigie dalali wako umuulize mambo mawili kabla hujabonyeza simu: katika miezi mitatu iliyopita ni hisa ngapi za kampuni hiyo ziliuzwa, na taarifa ya mwisho ya fedha iliyokaguliwa ilitoka lini. Akikwambia kwamba hakuna aliyeuza na taarifa imechelewa, usimuulize bei.