KONYEZA MDOGO NA TABIBU WA CAIRNS

Ndugu msomaji, mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu. Ama wewe uliye bara, jua ya kwamba huyu ni kiumbe wa baharini, mwili wake laini na karibu wote ni maji. Hana mfupa, hana moyo, wala hana ubongo. Lakini Muumba amempa silaha. Katika minyiri yake mna vifuko maelfu kwa maelfu visivyoonekana kwa jicho, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye sumu. Ukikigusa, uzi huchomoka upesi kuliko kupepesa jicho, ukaingia katika ngozi. Hata konyeza aliyekufa mchangani aweza kuuma.

Konyeza wengi huwasha tu, kisha mtu akapona. Lakini wako wanaoua, na habari zao zilichunguzwa sana kaskazini mwa Queensland, katika nchi ya Australia.

Katika mwezi wa Januari 1955, mtoto wa miaka mitano alikufa baharini huko Cardwell. Tabibu mmoja wa mji wa Cairns, Hugo Flecker, akataka bahari ile ikokotwe nyavu. Akapatikana konyeza mwenye umbo la sanduku, ambaye hajapata kuandikwa na wataalamu. Mtaalamu Ronald Southcott akamwita *Chironex fleckeri*, kwa heshima ya Flecker.

Lakini ilibaki fumbo nyingine. Waogeleaji waliumwa na kitu wasichokiona. Kwanza huona mwasho mdogo tu. Baada ya nusu saa hivi huja maumivu makali ya mgongo na tumbo, jasho, kutapika, na hofu ya mauti. Mwaka 1952 Flecker aliupa ugonjwa huu jina la Irukandji, jina la wenyeji wa pwani ile. Akafariki mwaka 1957 bila ya kumjua mwenye kuuma.

Kazi hiyo ikashikwa na tabibu Jack Barnes. Alikuwa akizama katika maji ya kina kifupi, akitazama kwa subira. Mwaka 1961 akamkamata konyeza mwangavu, mwili wake kama sentimita moja tu. Lakini je, ndiye? Barnes akajiuma naye makusudi, akamuumisha mwanawe wa miaka tisa, na kijana mmoja mlinzi wa waogeleaji. Haukupita muda mrefu, wote watatu wakapelekwa hospitali kwa maumivu makubwa. Wakapona. Mwaka 1967 Southcott akamwita mnyama yule *Carukia barnesi*.

Sisi walezi wa watoto hatuwezi kusifu kitendo cha kumtia mtoto hatarini. Mtu mzima ana hiari ya mwili wake; mtoto ni amana. Lakini subira ya tabibu huyu na kutaka kwake hakika badala ya kukisia, hayo yafaa kufuatwa na vijana wetu.

Tazama faida ya kuhakikisha. Zamani watu wa huko walishauriwa kummwagia spiriti aliyeumwa na konyeza wa sanduku. Mwaka 1980 wataalamu wa Australia walipoipima, waliona spiriti yafyatua vifuko vilivyobaki, na sumu ikazidi kuingia. Bali siki huvizuia visifyatuke tena. Siki haiondoi sumu iliyokwisha ingia, lakini huzuia nyingine. Basi dawa iliyodhaniwa kuwa msaada ilikuwa ikizidisha madhara!

Wala si dawa moja kwa wote. Kwa yule wa buluu aeleaye juu ya maji kama kibofu, Waaustralia hawatumii siki. Hutumia maji ya moto ya digrii 45, yaani yasiyounguza, kwa dakika 20.

Nanyi wazazi wa pwani, wafundisheni watoto wenu: wasichezee konyeza, ajapokuwa amekufa. Mtoto akiumwa, mtoeni majini, msimsugue kwa mchanga wala kitambaa, wala msimmwagie spiriti. Akitapika, akitaabika kwa pumzi, au maumivu yakizidi, mpelekeni hospitali upesi, msingoje asubuhi. Kwa maana mwasho mdogo si dalili ya salama, na hayo ndiyo yaliyojulikana Cairns kwa taabu kubwa.